Mpenzi, Twende Kwenye Kikao cha Mtaa!

Wawili wakiamua kuanza maisha Dar es Salaam, orodha ya vitu vya kutafuta inajulikana. Nyumba iwe ndani ya geti. Chumba kimoja kiwe masta. Luku iwe yenu wenyewe, msije mkagombana na jirani nani kaacha pasi inawaka. Maji yawepo, lami isiwe mbali, na kodi iwe ile ambayo mkishalipa miezi sita kwa mpigo bado mnabaki na nauli ya kwenda kazini. Dalali anachukua yake ya mwezi mmoja, mnakabidhiwa funguo, mnaenda kununua mapazia.

Mpenzi msomaji, umeona ni maswali gani hayamo kwenye orodha hiyo? Hakuna anayemuuliza dalali: mvua ikinyesha, maji hapa yanapita wapi? Wala hakuna anayeuliza: wakazi wa hapa wakiwa na jambo lao, wanakutania wapi?

Majibu ya maswali hayo mawili mimi na mume wangu tuliyapata tukiwa tumeshahamia, maeneo ya Segerea, kwenye kipande cha mtaa chenye nyumba 26 na kaya 61. Tuliyapata ndani ya mwaka mmoja, kuanzia Januari hadi Desemba 2024, mwaka ambao wakazi waliunda umoja wao. Mimi nilichaguliwa kuwa mweka hazina. Leo nataka nikusimulie umoja huo ulifanya nini mtaani, na ulifanya nini ndani ya nyumba yetu. Maana, usidanganyike, vikao vya mtaa vinaingia hadi chumbani!

"Sisi ni wapita njia"

Mvua za mwisho wa mwaka 2023 zilikuwa kubwa, zile za El Niño. Kwetu mtaro ulijaa mchanga na takataka, maji yakakosa njia, yakaamua kupita kwenye nyumba za bondeni. Kuna mama mmoja alikesha juu ya kitanda na watoto wawili hadi alfajiri. Wiki ya pili ya Januari, mwenye duka la kona akabandika karatasi mlangoni: kikao, Jumapili, saa kumi jioni, chini ya mwarobaini.

Mume wangu alisoma karatasi ile akacheka. "Sisi ni wapangaji," akaniambia. "Wenye nyumba wakae wajadili nyumba zao. Sisi ni wapita njia. Mkataba ukiisha tunafungasha."

Hoja hiyo nimeisikia kwa vijana wengi wa rika letu, na ina uzito wake. Kwa nini uchimbe mtaro wa nyumba isiyo yako, wakati unaweka akiba ya kiwanja Kigamboni au Chanika? Nilimjibu kwa kifupi tu kwamba maji yakija hayaulizi hati iko kwa jina la nani. Twende tukasikilize, tukirudi mpira tutaukuta.

Walikuja watu 23, na wengi wao walikuwa wapangaji kama sisi. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa alikuwepo, na alisema neno lililotusaidia mwaka mzima: umoja wa wakazi si serikali nyingine. Ofisi ya mtaa inabaki na kazi zake, sisi tunashika yale yaliyo milangoni kwetu, na kila tunachofanya ofisi ijue. Tukachagua viongozi watatu: mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Katibu alikuwa dada mmoja mdogo, ameolewa mwaka uliotangulia, anaishi na mumewe kwenye chumba na sebule bondeni kabisa. Huyo mkumbuke, tutarudi kwake.

Kabla yetu walikuwepo wengine

Usifikiri jambo hili ni la jana. Tabata, si mbali na kwetu, wakazi waliwahi kuishi na dampo la jiji zima, moshi usiku na mchana. Mwaka 1988 wakaenda Mahakama Kuu kuishitaki Halmashauri ya Jiji, na Jaji Lugakingira akaamua kwamba wana haki. Kesi hiyo, ya Joseph Kessy na wenzake, hadi leo inasomwa na wanafunzi wa sheria wanapofika kwenye haki ya mtu kuishi mahali salama.

Na Hanna Nassif, Kinondoni, bonde ambalo lilikuwa likijaa maji kila masika, wakazi wenyewe ndio waliojenga mitaro na njia zao miaka ya 1990. Walikuwa na chama chao, wakasaidiwa na wataalamu na mashirika, likiwemo Shirika la Kazi Duniani, lakini mikono ilikuwa ya wakazi, wanawake kwa wanaume.

Mji nao umekua. Sensa ya mwaka 2002 ilikuta Dar es Salaam na watu karibu milioni 2.5. Ya mwaka 2022 ikakuta 5,383,728. Ukizidisha watu mara mbili ndani ya miaka 20, mitaro nayo ilitakiwa izidi mara mbili. Jiji gani limeweza hilo bila wakazi kusaidia?

Elfu tatu na kelele zake

Mchango ulipangwa shilingi 3,000 kwa kaya kwa mwezi. Asiyenacho anafanya kazi Jumamosi mbili, basi, hakuna kunyoosheana vidole. Siku tulizochagua zilijumuisha Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo tangu enzi za Rais Magufuli ilipangwa kuwa siku ya usafi nchi nzima.

Mweka hazina anajifunza tabia za watu haraka. Anayelalamika sana kwenye kikao huwa ndiye hajalipa. Anayelipa kimyakimya huwa ni mama muuza maandazi. Na ukikusanya pesa za watu, simu yako si yako tena.

Hapo ndipo umoja ulipoingia nyumbani kwetu. Saa tatu usiku simu inalia, sauti ya mwanaume: "Dada, samahani, nimekutumia ile pesa, umeiona?" Baada ya dakika kumi, mwingine. Mume wangu akavumilia wiki mbili, ya tatu akauliza kwa upole ambao wanawake mnaujua: "Hawa wanaume wote wanaokupigia usiku, wote wana mitaro?"

Nilicheka, ila nilielewa. Wewe ungekuwa na mkeo ungejisikiaje? Hatukulala na jambo lile. Tukakubaliana vitu viwili, na kikao kikavipitisha. Kwanza, mambo ya mchango mwisho saa mbili usiku. Pili, pesa zisije kwenye simu yangu, ziende kwenye akaunti ya kikundi inayohitaji saini za watu watatu, na kila mwezi karatasi ya mapato na matumizi ibandikwe dukani. Kilichoanza kama wivu kidogo wa mume kikawa utaratibu bora kuliko wote tuliokuwa nao. Baada ya karatasi ya kwanza kubandikwa, kaya zinazolipa ziliongezeka kutoka 19 hadi 38. Watu hawakuwa wachoyo. Walitaka kuona.

Ukuta wa mzee

Februari tukaingia mtaroni. Somo la kwanza: mchanga ukiuchota na kuuacha kando ya mtaro, mvua inayofuata inaurudisha kama ulivyokuwa, kazi bure. Lazima uondoke siku hiyohiyo. Tukakodi kirikuu, na mchanga mwingine vijana wanaofyatua matofali wakauchukua wenyewe kwa furaha.

Tulipofika karibu na kalavati tukakutana na tatizo lenyewe. Mzee mmoja, mkazi wa hapo tangu miaka ya 1980, alikuwa amejenga ukuta uliobana mtaro ukabaki nusu. Hakujenga kwa ubaya. Maji yalishawahi kumbomolea choo, akazuia kwa upande wake. Kumbe akizuia kwake, yanarudi nyuma na kuwamwagikia wa chini.

Vijana wakataka kuubomoa usiku. Mzee naye akaja kwenye kikao na fimbo yake, akatuambia mbele ya watu: "Ninyi wapangaji kesho mnahama. Mimi nitazikwa hapa. Nani anawapa amri ya ukuta wangu?"

Kimya. Maana alichosema ndicho mume wangu alichokuwa amekisema Januari, ila kutoka upande wa pili.

Wiki nzima hakuna aliyeshika chepe. Mwishowe kina mama watu wazima wawili walikwenda kumwona nyumbani kwake, wakiwa na afisa mtendaji wa mtaa. Mimi na mume wangu tukafuata jioni yake. "Shikamoo mzee." "Marahaba, karibuni." Akina mama hawakwenda na vitisho vya sheria. Walimpeleka hadi nyumba za bondeni akaione alama ya maji ukutani, juu ya kitanda cha mtoto. Akaitazama muda mrefu. Hakuwa amewahi kushuka huko baada ya mvua, miguu inamsumbua.

Makubaliano yakawa haya: ukuta utarudishwa nyuma, umoja utanunua saruji na kumlipa fundi, na upande wa mzee mtaro utajengwa kwa zege ili choo chake kiwe salama. Na hapo tukagundua kitu. Mzee alikuwa fundi mwashi maisha yake yote! Alikaa kwenye kiti kando ya mtaro, akaagiza ule mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ambao mafundi hupimia usawa, akatuonyesha kwamba kuna sehemu mtaro ulikuwa unapanda badala ya kushuka. Tungemwaga zege kabla ya kumsikiliza, maji yangesimama palepale.

Mume wangu ndiye aliyeshika ncha ya pili ya mpira ule Jumamosi nzima. Alirudi nyumbani na matope hadi magotini, akaniuliza kama nimemwekea chakula mzee. Neno "wapita njia" sikulisikia tena.

Hidaya

Masika ya mwaka 2024 hayakuwa na utani. Aprili 25 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamefariki nchini kutokana na mvua na mafuriko. Kisha mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikawa kinakaribia pwani upande wa Mafia, redio zote zinatahadharisha.

Usiku ule hatukulala. Wanaume walipokezana na tochi kukagua kalavati, kutoa matawi na chupa za plastiki zilizokuwa zinaziba. Maji yalipita kwa kishindo, yakajaa hadi ukingo, lakini yalipita. Kwenye nyumba za bondeni yaliingia ya kifundo cha mguu, badala ya kufika kwenye godoro. Yule mama wa watoto wawili alilala kitandani kwake, si juu ya meza.

Faida nyingine haionekani kwa macho. Mtaro uliosimama ni kitalu cha mbu aina ya kuleksi, anayeeneza matende. Makopo na tairi zenye maji safi ni nyumba ya mbu wa dengue, ugonjwa uliotutesa Dar mwaka 2014 na tena 2019. Tulipomaliza mtaro tulipita nyumba kwa nyumba kumwaga maji ya kwenye makopo. Na Julai kila nyumba ikaweka taa moja ya nje. Balbu ya wati 9 ikiwaka saa 11 kila usiku inakula uniti 1 kwa siku kumi hivi, yaani uniti 3 kwa mwezi. Dada anayeshuka kwenye daladala saa nne usiku haulizi tena nani yuko gizani.

Mtaro mzuri, kodi juu

Sasa nifike kwenye jambo lililotuuma. Agosti mwenye nyumba mmoja alimwita mpangaji wake akamwambia mkataba ukiisha kodi inapanda. Sababu? Maji hayaingii tena, mtaa una taa, watu wanaulizia vyumba. Mpangaji huyo ni nani? Katibu wetu. Yule dada aliyeandika mihtasari yote ya vikao na kubeba ndoo za mchanga akiwa na mimba ya miezi minne.

Kikao cha Septemba kilikuwa cha moto. Watu wakauliza waziwazi: tumechimba mtaro ili tufukuzwe nao? Tuliwaandikia barua wenye nyumba wote watano waliotangaza kupandisha, tukiwaomba wasiongeze kodi kwa mwaka mmoja kwa mpangaji aliyechangia pesa au nguvu. Wanne walikubali. Mmoja wa walioshika kalamu kuiandika barua ile alikuwa mzee wa ukuta. Wa tano alikataa, na nyumba ni yake, huwezi kumshika mkono.

Oktoba katibu na mumewe wakahamia Kinyerezi. Tuliwasaidia kupakia vitu kwenye gari. Mumewe aliinamia mtaro, akatoa mfuko uliokuwa umekwama, akauweka kwenye pipa, akapanda mbele. Sina maneno mazuri ya kuweka hapo.

Kwa hiyo ukiniuliza, mpangaji anafaidika na kazi za mtaa? Nitakujibu kwa ukweli: si kila mpangaji, na si kila mara. Nyumba ikiwa bora, soko linaiona. Ndiyo maana jambo la kodi linatakiwa liwe kwenye ajenda ya kikao cha kwanza, kabla chepe la kwanza halijashikwa, wenye nyumba wakiwepo na wakiweka saini. Wakati mnahitaji mikono ndipo mna nguvu ya kuongea.

Mkazi, si mpangaji

Oktoba hiyohiyo kulikuwa na uandikishaji wa wapiga kura wa serikali za mitaa. Mume wangu aliniamsha mapema tukapange foleni. Kitabu kilitaka kujua kama una miaka 18 na kama unaishi kwenye mtaa ule. Hakuna aliyetuuliza kama tuna hati ya kiwanja. Novemba 27, 2024 tukapiga kura pamoja na mzee wa ukuta, mama wa maandazi na vijana wa matofali, kila mtu kwa haki sawa.

Kwenye kikao cha Desemba nilisoma hesabu. Mapato: 1,368,000. Saruji 320,000, kokoto na mchanga wa ujenzi 280,000, nondo na mifuniko 240,000, fundi 200,000, machepe na toroli 130,000, kusomba mchanga 120,000. Baki: 78,000. Mtu wa kwanza kuuliza swali alikuwa mume wangu, na swali lilikuwa gumu: mifuniko mingapi, na bei ya mmoja? Nikamjibu mbele za watu, "Iko kwenye risiti, mheshimiwa." Watu wakaangua kicheko, lakini risiti ikapitishwa mkono kwa mkono.

Na nyinyi mkitaka kuanza

1. Nendeni kwenye kikao wawili. Mmoja akienda peke yake, mwenzake anabaki na maswali.

2. Anzieni ofisi ya mtaa. Mwenyekiti amechaguliwa na wakazi, mtendaji ameajiriwa. Wote wawili wajue mnachofanya.

3. Mkikua, jisajilini. Kikundi kidogo cha jamii muoneni afisa maendeleo ya jamii. Chama chenye katiba kinasajiliwa kwa Msajili wa Vyama, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi.

4. Pesa ziwe na saini zaidi ya moja, na hesabu zibandikwe mahali ambapo hata asiyechanga anapita.

5. Chagueni kazi moja inayoonekana kabla ya mvua. Mtaro mmoja uliokamilika una faida kuliko mipango kumi kwenye daftari.

6. Kodi ijadiliwe mwanzo, kwa maandishi.

7. Wekeni saa ya mwisho ya simu. Ndoa nayo ina ratiba yake!

Mkataba wetu ulipoisha Juni 2025, mama mwenye nyumba alikuwa mmoja wa wale wanne walioshika ahadi. Tukalipa miezi sita mingine kwa bei ileile. Katibu alijifungua salama mtoto wa kike, na nasikia Kinyerezi ameshaanza kuuliza kikao cha mtaa kinafanyika wapi. Wewe unayesoma hapa, kwenu kinafanyika wapi? Kama hujui, muulize mwenye duka la kona. Huyo huwa anajua.